Mama Kitana, Aliyesuka Tuhame na Tubaki kwenye Benchi Moja

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Kitana kwa sababu kitana hakikutoka nyweleni mwake hata akiwa kanisani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, binti wa pili wa fundi cherehani na mkewe.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akaishia kidato cha pili baba alipofariki. Akiwa darasa la tano alikuwa tayari anawasuka wenzake wakati wa mapumziko. Mwalimu mkuu alimchapa kwa kosa hilo, na miaka baadaye akamletea binti zake awasuke.

Mwaka 1989 alifungua saluni mtaa wa soko: chumba kimoja, kioo kimoja, benchi moja. Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kumwekea taa, kazi ndogo ambayo kwa sababu zake mwenyewe iliendelea wiki nzima. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kisha mwaka 2022 likaja suala la soko, lihamishwe au libaki. Mumewe alikuwa Tuhame, yeye Tubaki. Walibishana mezani, wakasali pamoja, wakalala. Nje haikuwa hivyo. Watu waliolea watoto pamoja waliacha kusalimiana, na wateja wakataka kila upande uwe na siku yake ya kusukwa. Dada alikataa. Alimsuka wa Tuhame nusu kichwa, akamwacha, akaanza wa Tubaki nusu kichwa. Nani angetoka barabarani vile? Na ubishi ukianza, alikuwa na sheria yake.

"Mwenzangu, kabla hujampinga, sema kwanza yeye anataka nini na kwa nini. Mwenyewe akikubali umesema sawa, ndiyo uendelee."

"Mama Kitana, unanisuka au unanihukumu?"

"Nakusuka. Tulia, mistari isije ikapinda kama maneno yako."

Siku moja muuza viatu wa Tubaki alijikuta akieleza kwamba mwenzake wa Tuhame anaogopa moto, maana gari la zimamoto haliwezi kupita kati ya vibanda. "Hilo sikuwa nimelifikiria," alisema. Hakuhama upande, ila waliondoka wakisindikizana.

Yaliyofuata hatutayafunika kwa sababu ni msiba. Januari mwaka huu, 2024, mtu alimpiga dada picha kwenye mkutano wa Tuhame, alipompelekea mumewe funguo za nyumba. Picha ileile iliingia kwenye makundi mawili ya simu. Huku mliandika ametusaliti. Kule mliandika ametumwa kutupeleleza. Hakuna hata mmoja aliyevuka barabara kumwuliza. Mliisambaza, na wengine mliisambaza mkiwa na misuko yake kichwani. Benchi likabaki tupu.

Shinikizo la damu, alilolivumilia tangu 2015, lilipanda. Tarehe 2 Juni mchana alianguka mlangoni pa saluni. Magari yalikuwepo pande zote mbili za barabara. Tuhame mnasema mlidhani watu wake wa Tubaki watamchukua. Tubaki mnasema mlidhani watu wake wa Tuhame watamchukua. Tumewauliza, na mmetujibu hivyo bila haya. Mumewe ndiye aliyemkuta, bado yuko chini. Alifariki hospitalini tarehe 4 Juni, alfajiri. Tunaamini Mungu amempokea. Lakini si Mungu aliyemwacha pale mlangoni, kwa hiyo msituambie ni mapenzi yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, mama mzazi na sisi ndugu zake.

Asubuhi hii tumekuta mmejipangia mahema mawili, na kamati imetuletea wabebaji wa zamu mbili: upande mmoja hadi lango la makaburi, upande wa pili hadi kaburini. Familia imekataa. Jeneza lina vishikio sita, vitatu huku na vitatu kule. Kila Tuhame atashika akiwa ana kwa ana na Tubaki, na mtatembea hatua moja. Mkishindwa, ondoeni mikono yenu. Mumewe, watoto wake na sisi tutambeba, nanyi mtatufuata nyuma.

Mungu ampe Mama Kitana amani mliyomnyima.