Pipa Linuke Msibani Kwangu

Sikieni wanangu, Leonce na Careen, na wewe shemeji Makarius uliyesimama mlangoni, ingia ukae, maana leo nasema mara moja tu na kifua hiki hakitanipa nafasi ya kurudia.

Nyumba hii ya Mshangano ni yenu wote wawili. Shamba la mahindi chukua wewe Leonce. Bwawa la perege ni la Careen, na asije mtu kusema mtoto wa kike hapewi bwawa la ukoo, kwa sababu ukoo haukulichimba. Nililichimba mimi na marehemu baba yenu, kwa jembe, kiangazi kizima.

Mnakumbuka samaki wetu walivyokonda, hadi Muhsini, yule mfanyabiashara wa Tunduru aliyewahi kufanya kazi kwenye mabwawa ya kufugia kamba wa baharini kule pwani, aliponiambia, "Mama, acha kuhangaika na samaki, lisha maji." Akanifundisha kuvundika pumba za mpunga kwa hamira na molasi siku mbili ndani ya pipa, kisha kuzimwaga kandokando ya bwawa asubuhi, ili maji yazae ukijani na vijidudu ambavyo samaki hula mchana kutwa. Pipa likanuka. Na watu wetu mnawajua, pua zao zinaijua pombe kuliko kitu kingine: mtaa mzima ukasema mama Leonce anapika pombe kwa siri. Shemeji, wewe ndiye uliyelimwaga pipa langu mbele ya jumuiya nzima, ukanitaka nitubu. Sikutubu. Kesho yake nikavundika mapipa mawili, na Krismasi ile ulikula perege wangu ukaomba na mwingine. Sijasahau, na radhi sikuombi hata leo.

Lakini aliyeniumiza ni wewe, Leonce. Nimelazwa wiki moja tu, ukafungulia maji yangu ya kijani yakaenda bondeni, ukaingiza meupe ya mfereji, eti waombolezaji wasikute uchafu. Mwanangu, umemwaga chakula. Jana nilimtuma Careen azamishe mkono hadi kiwiko, akaniambia anaviona vidole vyote vitano. Maji yaliyoshiba hayaonyeshi vidole. Samaki wale wana njaa, na mimi nimekataa kufa kimya.

Usilie. Ondoka ukavundike. Careen, mpe kaka yako hamira, iko kabatini, na umsimamie, maana bwawa ni lako.

Ngojeni... nivute pumzi.

Nikifa, pipa lisihamishwe. Linuke. Waombolezaji wakae nalo, na Makarius mwekeeni kiti karibu nalo kabisa. Wewe Leonce utazamisha mkono kila asubuhi, hata asubuhi ya kunizika, mpaka vidole vyako vipotee. Siku hiyo... njooni wote wawili kaburini mniambie.

Mungu aibariki mikono yenu... ikinuka hivyo hivyo. Nenda, baba. Pumba ziko stoo.