Kata ya Pombe Niliyoikataa

Ndugu zangu, nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno hunipotea. Shule yangu ni ndogo. Nikikosea, Mama Limi yule pale atanisahihisha. Hata nyumbani ndiyo kazi yake.

Mnakumbuka miaka ile tulipolima kwa kundi, majembe yanashuka pamoja, wimbo unavuta mikono? Ee, ulikuwa wakati mtamu! Nilitoka machimbo ya Geita na hamu ya wimbo ule. Nilipofika, kitu kikazimika ndani. Homa sikuwa nayo. Chakula kilikuwepo, binti yetu Limi anajifunza kutembea, na mimi nimelala nimeelekea ukutani, naona afadhali nisingekuwepo. Wengine walisema nimerogwa, wengine uvivu. Siwalaumu, hata mimi sikujua.

Mama Limi akanipeleka hospitali. Daktari akasema, "Baba Limi, vidonge hivi si kama klorokwini ya malaria. Kuna vitu kichwani vinavyopelekeana habari; vidonge vinavisaidia vikae kazini zaidi. Ndivyo tunavyodhani, yote hatujui. Subiri wiki kadhaa. Mdomo utakauka, usingizi utakuja, ukisimama ghafla utapata kizunguzungu. Pombe usiguse. Usiache ghafla." Akamgeukia mke wangu: "Mama, vitunze wewe, mbali na mtoto na mbali na yeye. Vikizidi vinaua."

Mwanzoni niliona mdomo mkavu tu. Halafu asubuhi moja nikasikia harufu ya michembe, vile viazi vikavu, jikoni, nikaitamani. Nikarudi kundini.

Huko, nawaambia, nikaharibu. Mnajua mwenye shamba hutoa pombe ya mtama, na kata ikikufikia ukaikataa, umemdharau. Niliona aibu kusema natumia dawa ya kichwa. Nikanywa. Nikaanguka kwenye matuta, nikarudishwa kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Nilipozinduka nikasema, "Dawa naziacha. Wenzangu siwezi kuwaacha."

Mama Limi akajibu, "Wenzako hawakukuona ukiwa umeelekea ukutani. Mimi nilikuona."

Kundi lilipokutana tena, kata ikanifikia. "Naumwa," nikasema, "moyo na kichwa. Nipo kwenye dawa isiyopatana na pombe. Sijamdharau mtu."

Kiongozi wetu, nsumba ntale, akaniangalia. "Kumbe! Na sisi tulikucheka kwamba Geita imekusahaulisha kunywa!"

"Ya kwake nipeni mimi!" mwingine akadakia.

Wakacheka, mwenye shamba akaagiza togwa isiyolevya. Nikanywa togwa, nikaimba.

Baadaye sana daktari mwenyewe alinipunguzia vidonge, kidogo kidogo, hadi nikaacha. Sisemi vilifanya kazi yote. Wimbo ulisaidia. Mke alisaidia zaidi. Lakini bila vile vidonge, sidhani ningefika shambani kuusikia wimbo.

Asanteni ninyi mlionipa nafasi kwenye mstari wa majembe. Asante Mama Limi.

Na kama humu yupo anayeamka akitamani asingeamka, aje kwangu, hata leo. Kidonge sitampa, vyangu vilipimwa kwa mwili wangu. Nitavaa viatu, nimsindikize hospitali.