Koma ya Mamake Dzoro

Hapa Bondeni, benchi letu li mbele ya duka la fundi saa. Baada ya alasiri tunakunywa kahawa: mimi, Chonga tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, na Mung'aro, ambaye kwa kusoma gazeti moja kila wiki tumempa udaktari. Siku hiyo, mwaka wa tisini na sita, Dzoro wa reli alikuwa amerudi kutoka Ganze, alikokwenda kumzika mamake. Tukampa pole, akakaa. Kikombe akakishika tu, hanywi.

— Bibi yule alikuwa na mikono, akasema Redio. Mswala wangu ni kazi yake.

— Na alivyoutaka mkoma wake pale kwenu Tudor! nikasema. Apate miyaa ya kusukia mikeka papo hapo mlangoni. Sijui koma ile, tunda alilolipanda, ilikataa kuota kwa chumvi?

— Chumvi? Daktari akadakia. Mkoma waota hata ufuoni. Koma sharti imezwe na ndovu, itoke nyuma, ndipo iamke.

— Ndovu, Tudor?

— Ndiyo maana haikuota!

— Hamjui kitu, akasema Redio. Chini ya Tudor mna waya za simu tangu enzi ya Mwingereza. Mbegu gani itaota na kelele za watu usiku na mchana?

Tukacheka. Dzoro hakucheka.

— Iliota, akasema.

Redio akamgeukia.

— Mama alikuwa ameenda matangani. Mwaka mzima sijaona hata jani, nami nataka kutia simiti pale, pawe pa kufulia. Nikapiga jembe. Kumbe mzizi mweupe, mrefu kama mkono wangu huu, wateremka chini. Na ncha ya jani ilibakisha kidole kimoja tu itoke nje. Nikawa nimeikata katikati.

— Bibi akasemaje?

— Nilimwambia imeoza. Akaitazama mikono yake, akasema, "Basi mikono hii imeshakufa." Miaka mitatu, hadi kufa kwake, hakupanda tena kitu. Hata mchicha.

Kioko, karani mgeni wa bandarini, alikuwa amesimama kando na kikombe chake akisikiliza. Akauliza kwa upole:

— Samahani, mzee. Kwa nini hukumwambia kweli?

Daktari akakohoa. Redio akatazama barabara. Dzoro akakiweka chini kikombe chake, kahawa ingali tele. Muuza kahawa akaja na dele lake kutuongeza, na hakuna aliyenyoosha kikombe.