Kati ya Mama Mkwe na Pumzi

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Baba Mchungaji, Mganga Mfawidhi na wauguzi wote, ndugu wageni waalikwa mliotoka Bunda, Butiama na hapa hapa Musoma, na zaidi ya wote wewe, Sista Jeska Magige, unayestaafu leo: nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Lameck, mkulima wa Guta. Miaka thelathini na minne ya utumishi wa Sista imekwisha kusifiwa na wanaojua kusifu. Mimi nimekuja kwa ajili ya nukta moja.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu Flora, akiwa na miaka tisa, aliandikiwa kwenda India kupasuliwa moyo, na mimi ndiye niliyetakiwa kumsindikiza. Kifua chake kilikuwa kikikoroma hadi chumba cha pili. Sista Jeska, aliyesomea uuguzi huko huko, akaniita barazani kwake Kamunyonge kila Jumamosi anifundishe Kihindi cha wodini. Je, ndugu zangu, mlijua kwamba katika lugha hiyo irabu hupitishwa puani? Mimi nilidhani ni kuongeza N, nikaiongeza kweli kweli. Sista akanikazia macho: "Wewe Lameck, hiyo N ya nini? Acha mdomo wazi, ulimi usiguse kitu, sauti kiasi ipite puani. Si unasemaga 'enhe' mtu akikupa habari? Basi ndo hivyo hivyo!"

Hebu semeni nyote: enhe! Mmesikia? Kumbe sauti hiyo tunayo tangu utotoni, tunaitumia kuitikia umbea tu. Wenzetu wameijengea maneno.

Tazameni karatasi hii. सास, saas, ni mama mkwe. Mwekee juu kimwezi chenye nukta, साँस, neno lipite puani, naye amegeuka pumzi. Na kama irabu ina alama iliyokwisha chomoza juu ya mstari, kimwezi hukosa nafasi, nukta ikabaki peke yake, na kazi inaifanya ile ile. Nilishangaa siku ile Sista aliponiandikia nikanakili, na mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Siku ya nne baada ya upasuaji, saa nane mchana, Flora akaanza kukosa pumzi. Nikakimbilia meza ya wauguzi mwisho wa korido, nikapaza sauti: "Saas nahi aa rahi!" Muuguzi akanipigapiga begani kunituliza, akaninyoshea kidole kwenye namba ya saa kumi katika saa ya ukutani: ndio muda wa kutazama wagonjwa. Nilitaka kusema pumzi haiji, kumbe nimemwambia kwamba mama mkwe wangu haji! Mama Wegesa, uliyeketi hapo mbele, naomba radhi. Siku ile ulikuwa kwako Manyamanyama ukipalilia mihogo, wala hukuwa na habari.

Nikarudia kwa kelele zaidi. Kelele zingesaidia nini? Hofu ilikuwa imeniziba pua. Ndipo nikakumbuka Jumamosi zile, nikanyakua kalamu mezani, nikaliandika neno kiganjani, nikaweka kimwezi, nikaweka nukta. Yule dada akasoma, akaacha kila kitu, akakimbia na mtungi wa oksijeni. Baadaye daktari aliniambia kwamba dakika chache zaidi zingetosha kunirudisha Guta peke yangu.

Ndugu wageni waalikwa, nani kati yetu angefikiri kwamba uhai wa mtoto unaweza kukaa ndani ya alama ndogo kuliko punje ya ulezi? Sista Jeska alifikiri. Alinifokea Jumamosi sita kwa ajili yake, nami nikanung'unika njia nzima mpaka Guta, nikisema mama huyu ananionea. Sista, mbele ya watu hawa wote, nisamehe.

Flora, mwanangu, simama. Ukumbi, tulieni kidogo. Vuta pumzi, mama, vuta tena.

Mnasikia nini? Hamsikii kitu. Nyumba yetu nzima ilikuwa inakesha ikiomba kimya hicho.

Sista Jeska, nenda ukapumzike. Leo mama mkwe yupo, na pumzi ipo. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, Mungu awazidishie, asanteni sana.