Paa la Papa Stanislas

Tarehe 30 Januari, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Papa Stanislas Kapenda, msimamizi wa miradi katika karakana yetu ya pampu hapa Likasi, anastaafu. Nimeombwa nimsifu. Nitajitahidi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaandikia wakurugenzi wa Lubumbashi ripoti za maendeleo ya miradi, na kwa kalamu hakuna aliyemfikia. Mradi wake wa mwisho ni ukumbi wa kulia wa wafanyakazi. Kuta zilifika kiunoni zikakoma. Ripoti hazikukoma. Kila mwezi kazi ilikuwa "inaendelea vizuri", na asilimia zikapanda zenyewe. Mwezi wa Julai alieleza kwamba mvua imewachelewesha mafundi. Mvua ya Julai, tena Katanga, katikati ya kiangazi. Wakurugenzi wakampa pole. Mbuzi wa jirani walipoanza kulala humo, aliandika kwamba ukumbi umepata watumiaji wa kwanza.

Sisi tuliendelea kula bukari, ugali wetu, nje, sahani mkononi, mvua ikituongezea mchuzi. Mama Angèle, anayetupikia, alimwambia mbele ya watu: "Papa Stani, mabati yako iko mu rapport tu. Minye napikaka mu mvula." Mzee alicheka, akarudi ofisini kuandika. Kicheko kile kinaniudhi hadi leo.

Desemba, ili aondoke na sifa, aliandika asilimia mia: paa limekamilika, viti vimepangwa. Wakurugenzi walifurahi mno, wakaamua aagwe humo humo, nao wenyewe waje. Wiki iliyopita alitujia sisi wanakamati, jasho likimtoka, akiomba sherehe ihamishiwe ukumbi wa parokia. Tulimjibu kwamba hatuna kipingamizi, aandike tu ripoti fupi ya kueleza sababu. Hakuandika.

Kwa hiyo, wageni waheshimiwa, ikiwa karatasi hii inalowa mikononi mwenu, tulieni. Kwa mujibu wa ripoti, mmekaa chini ya paa.

Papa Stanislas, kiti chako tumekiweka katikati, na Mama Angèle amekifuta maji. Asante kwa miaka yote hiyo. Unakwenda Kapolowe kulima, na mahindi ya huko hayakui kwa kuandikwa. Tunakutakia afya njema, mavuno yanayoonekana kwa macho, na uzee mrefu katika nyumba yenye mabati.

Carine, kwa niaba ya kamati ya wafanyakazi