Kilo za Mtoto wa Jirani

Asalaam aleikum, dada zangu, na nyinyi mliotoka upande wa kanisa, habari zenu. Sista ameniomba niongee kidogo kabla hajaanza kupima watoto. Naona wengine mmeshawafunika kwa leso. Mimi sitawacheka. Hiyo leso ninaijua.

Mwanangu wa pili alikuwa mnene kweli. Mwaka mmoja na nusu, mikono imejaa, watu wanageuka kumtazama hapa mtaani Chechelesi. Mama mkwe akaniambia, "Ukimtundika huyu kwenye mizani mbele ya wanawake wote, watamla kwa macho." Basi nikafanya ujanja. Siku ya kliniki nilimwacha nyumbani, nikabeba mtoto wa jirani, mwembamba, nikampimisha kwa kadi ya wangu. Ikaandikwa kilo nane. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Uzito wa kweli niliujua mimi tu, kwa sababu nilimpima kwa siri kwenye mizani ambayo shemeji yangu hununulia ngozi. Kumi na mbili kasoro kidogo.

Mwezi uliofuata akashikwa na kifua. Tukapelekwa Nairobi, hospitali kubwa. Huko wakampitisha mpira kooni, mashine ikawa inampumulia. Baba yake alirudi huku Isiolo kuangalia wale wengine, nikabaki peke yangu. Niliruhusiwa kuingia kidogo asubuhi na kidogo jioni. Saa zingine zote nilikaa kwenye benchi la korido. Hakuna aliyejua lugha yangu. Siku moja nilijikuta naongea na kikombe cha chai, ili tu nisikie Kisomali.

Baadaye daktari akaniambia kuvu imeingia kwenye damu ya mtoto. Dawa ipo, lakini ni kali: ikizidi inaharibu figo, ikipungua kuvu haifi. Wakaileta kwa dripu, chupa imefunikwa karatasi nyeusi. Nikasema moyoni, kumbe hata hawa wanaogopa jicho! Kumbe ni dawa yenyewe haitaki mwanga.

Siku zikapita, homa iko pale pale. Asubuhi moja nikamsikia daktari akimwambia nesi, "Tunampa dawa ya kilo nane, kama kadi inavyosema. Amevimba maji, siwezi kukisia kwa macho. Na kwa hii mashine hatuwezi kumnyanyua tumpime."

Dada zangu, nilijua kilo hizo zimetoka wapi. Nilitoka nje. Nilikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Niliogopa watanifukuza. Niliogopa baba yake atasema mimi ndiye nimemuua mtoto. Nimewahi kukaa peke yangu malishoni huko Kulamawe nikiwa msichana, lakini upweke kama wa siku ile sijawahi kuuona. Nilimwomba Mungu, kisha nikarudi ndani.

"Daktari, hizo kilo si zake."

"Ni za nani, mama?"

"Za mtoto wa jirani."

Nikangoja matusi. Daktari akatoa kalamu. "Zake ni ngapi?"

"Kumi na mbili kasoro. Ni mizani ya ngozi, lakini haidanganyi."

Nesi akacheka kidogo, akanishika bega. Tangu nitoke Isiolo hakuna mtu aliyekuwa amenigusa.

Wakapandisha dawa polepole, wakipima damu na mkojo wake. Haikuwa siku mbili wala tatu. Lakini homa ikashuka, na mwishowe mpira ukatolewa. Alilia kwa sauti imekauka kabisa, na mimi nikalia kumshinda. Leo yuko darasa la tatu na ananisumbua.

Namshukuru daktari yule ambaye hakunitukana, na nesi wake. Namshukuru jirani, aliyewapikia watoto wangu miezi miwili na hakunitangaza kwa mtu. Yuko hapa, simtaji. Mama mkwe pia namshukuru, alitaka kumlinda mjukuu wake. Lakini jicho nililoliogopa halikumfanya kitu mwanangu. Kadi yangu ndiyo ilikaribia kumzika.

Sasa, Sista, leta mizani. Huyu mgongoni ni kitinda mimba wangu, na ni mnene kuliko kaka yake. Naanza na yeye. Mtazameni wote, semeni mashallah, na Sista aandike.