Upande wa Baba Yake Edson

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Jirani yako akipiga kelele, mvute naye akae asikilize. Leo tunamkumbuka Edson. Edson alikuwa mchimbaji wa dhahabu Mwakitolyo. Jumamosi iliyopita amezikwa Songwa. Narudia: alichimba Mwakitolyo, amezikwa Songwa. Kutoka huku hadi kule ndiko kwenye habari yenyewe.

Machimboni hawakumwita Edson. Walimwita Kibondo. Na wala hakutoka Kibondo. Siku aliyofika waliuliza katokea wapi, yeye akataja lilikoanzia basi alilopanda. Jina likamganda miaka kumi na moja. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Baba hakumjua. Alilelewa nyumba hii, akahamishiwa ile, na kila nyumba ikamwita inavyotaka.

Miaka minne iliyopita akaanza kusali kwa Mchungaji Theonest. Mchungaji kwao ni Songwa, ila kanisa lake ni la mabati, liko pale pale machimboni. Siku ya kujaza fomu ya ubatizo, Edson alichagua jina Edson. Alipofika kwenye jina la baba, kalamu ikasimama. Mchungaji akamwambia mbele ya watu asihangaike, aliyempokea Kristo ni mtoto wa Mungu, ana Baba na ana nyumba. Edson akainama, akaandika: Mungu.

Wenzake walimcheka wiki nzima. Mmoja akamwambia, "Kibondo, mwambie mzee wako atuletee magogo ya kuegemeza shimo, haya yameoza." Edson naye akacheka. Akawajibu kwamba mzee ameshasikia, anayechelewesha ni bosi.

Sasa, kila duara, yaani kila shimo la kuchimba, lina daftari. Unaandika jina lako kabla ya kuzama shimoni, na pembeni jina na namba ya ndugu wa kupigiwa. Kwa Edson pembeni palikuwa peupe miaka yote. Jumatatu baada ya ubatizo akaomba kalamu. Akaandika Baba, akaandika namba ya mchungaji. Fredy, karani wa duara, alimwambia daftari si la utani.

"Sitanii," alisema Edson.

Jumatano ya wiki iliyopita, baada ya mvua, upande mmoja wa duara uliporomoka. Walitoka wote isipokuwa mmoja. Alikuwa Edson.

Fredy anasema hakulia. Alifungua daftari, akapiga namba. Siku hiyo mchungaji alikuwa shambani, simu ameiacha nyumbani Songwa. Akapokea mkewe, Mama Wema. Fredy akamwamkia, akauliza, "Mama, hapo ni kwa baba yake Edson? Duara limemwangukia, amefariki."

Mama Wema anasema alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Alijua akisema hapana, Edson atazikwa na serikali ya kijiji, kwa jina la Kibondo, bila mtu wake.

"Ndiyo," akasema. "Ni hapa. Mleteni."

Mwili ukaletwa Songwa. Mzee Maige, kaka mkubwa wa mchungaji, ndiye mwenye mji, yaani boma la ukoo. Akauliza huyu ni ng'wana nani, mtoto wa nani, mpaka alazwe karibu na kaburi la mama yao. Akasema kanisa ni kanisa na ukoo ni ukoo.

Mchungaji hakubishana. Alisema, "Kaka, nilimwambia ana nyumba. Aliniamini, na hakuwa na mwingine wa kumwita baba. Sasa nimwambie nilikuwa nahubiri tu?"

Baadaye Mzee Maige akawaonyesha pa kuchimba kaburi.

Jumamosi wachimbaji walikuja na lori. Walikaa, buti zina udongo. Watu walikula wali, wakanawa. Hakuna aliyepiga yowe. Kaburini mshereheshaji, kwa mazoea tu, akatangaza: upande wa baba, karibuni mweke udongo.

Hakutoka mtu. Wachimbaji wakatazama chini. Mchungaji alikuwa ameshika Biblia, mikono yake haikusogea.

Akatoka Mzee Maige. Akavua kofia, akachota udongo, akaweka. Akageuka akasimama pale pale pembeni ya kaburi, wanaposimama wenye msiba. Akatoka Mama Wema. Akatoka Fredy. Halafu kanisa lote, na lori lote.

Wasikilizaji wapendwa, poleni wafiwa. Nawataja ili ieleweke ni nani: Mzee Maige, Mchungaji Theonest, Mama Wema, na ndugu wote wa Mwakitolyo. Edson aliamini ni mtoto wa Mungu, akaamini hadi akaandika namba daftarini. Nawe unayesali karibu na mtu kila Jumapili, jiulize leo, na usinijibu mimi: wakiuita upande wa baba yake, utatoka?